Fomu ya bima isimwadhibu mtoto kwa ugonjwa aliozaliwa nao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Mimi ni fundi cherehani, naishi Kihonda, Manispaa ya Morogoro, mama wa watoto watatu. Wa katikati ana selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Kinachonifanya niandike ni swali moja lililomo kwenye fomu za bima ya afya. Nililijibu kwa kweli, na ule ukweli umetugharimu.

Swali lenyewe huja karibu na mwisho wa ukurasa wa pili, ukishajaza jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu: je, anayeombewa bima ana ugonjwa wowote wa kudumu, au ugonjwa uliokuwepo kabla ya kujiunga? Kuna visanduku viwili, Ndiyo na Hapana, na mstari mmoja wa kutaja ugonjwa.

Mwanangu alizaliwa mwaka 2015. Alipofika miezi 9, vidole vyake vya mikono na miguu vilivimba vikawa vya moto, ukimgusa tu analia. Majirani wakasema amebemendwa, yaani anaumwa kwa sababu mmoja wetu ametoka nje ya ndoa. Wanaojua maana ya neno hilo wanajua linavyoingia ndani ya nyumba. Mimi na mume wangu tulikaa karibu wiki nzima hatusemezani. Aliyetuokoa ni nesi wa zahanati. Aliitazama ile mikono kwa muda, akasema, “Mama, hapa hakuna cha kubemenda. Mpelekeni akapimwe damu.” Majibu yakaja: SS, yaani ana selimundu. Sisi wazazi wote wawili tulikuwa AS, tumeibeba selimundu maisha yetu yote bila kuumwa hata siku moja. Daktari alituchorea kwenye karatasi jinsi inavyorithiwa. Katika kila mimba yetu, nafasi moja kati ya nne mtoto anazaliwa nayo. Mkubwa wetu ilimkosa, na mdogo pia. Huyu wa katikati ikampata.

Hatuko peke yetu. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka hapa Tanzania, na nchi yetu ni miongoni mwa zenye wagonjwa wengi zaidi duniani. Wengi wa wazazi hao ni kama mimi: hatuna mwajiri, hatuna hati ya mshahara, tunaishi kwa tunachokipata leo.

Miaka 5 ya kwanza tulijikongoja. Mtoto chini ya miaka 5 hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali, na kwa hilo nashukuru kwa moyo wote. Tulimpa foliki asidi kila siku, penisilini asubuhi na jioni, chandarua kila usiku, maji mengi, na sweta mwezi wa saba upepo unaposhuka kutoka Uluguru, kwa sababu baridi peke yake inatosha kumwamshia maumivu. Alipovuka miaka 5 mambo yakabadilika. Najua sera ya misamaha inawataja pia wenye magonjwa sugu. Lakini msamaha unafika pale tu dawa ilipo. Ukiambiwa dawa imekwisha, kanunue nje, duka la dawa halina msamaha.

Alipokuwa na miaka 6 alianzishiwa haidroksiyurea, dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amelazwa mara 4 na kuongezewa damu mara 2. Mwaka uliofuata alilazwa mara 1. Nimeandika yote hayo kwenye daftari lilelile ninaloandikia vipimo vya wateja wangu, kiuno na mabega upande huu, tarehe za kulazwa upande ule. Wakati huo kidonge kimoja nilikuwa nakinunua kwa shilingi 700, kila siku kimoja. Hesabu hiyo sihitaji kumfanyia mtu.

Kilichotuvusha wakati huo ni Toto Afya Kadi, kadi ya bima ya watoto. Kwa shilingi 50,400 kwa mwaka mtoto alitibiwa mpaka hospitali ya rufaa. Nilikuwa nazitenga kidogo kidogo kuanzia msimu wa sare za shule, ninapokuwa na kazi nyingi, na sikuwahi kuchelewa hata mwaka mmoja. Kisha Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukasitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba waliokuwa wakiandikishwa kwa wingi ni watoto ambao tayari ni wagonjwa, kwa hiyo michango haikulingana na gharama. Wazazi tukaelekezwa tuwaandikishe watoto kupitia shule, au kwa vifurushi vya familia.

Sikuandika barua hii kuulaumu Mfuko, na nitaeleza kwa nini hapo mbele. Nieleze kwanza kilichotokea.

Shuleni kwake tuliitwa kikao. Wazazi wenzangu walisikiliza, kisha mmoja akasema kwa upole kabisa kwamba mwanawe haumwi, hela hiyo bora alipie tuisheni. Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Sikuwa na neno la kuwajibu. Nami kabla ya 2015 pengine ningesema hivyohivyo. Kifurushi cha familia nzima kilikuwa nje ya uwezo wetu mwaka ule, mume wangu alikuwa ameanguka na pikipiki na hafanyi kazi. Kadi ya CHF iliyoboreshwa, ile ya Mfuko wa Afya ya Jamii, tulikuwa nayo, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, na ilitusaidia kwa malaria na vikohozi vya nyumbani, lakini kliniki ya selimundu inayomwangalia mwanangu iko Dar es Salaam, na kadi ile haikufika huko.

Basi Novemba 2023 nikaenda kwa wakala wa kampuni moja binafsi ya bima. Jina lake nitaliacha, sina ugomvi na mtu. Ni kijana mwenye adabu, alinipa kiti, akanisomea fomu swali kwa swali. Tulipofika kwenye lile swali nikamwambia ana selimundu. Akaiweka kalamu chini. Akaniambia kwa sauti ya chini, “Mama, hapa ungeacha tu wazi.”

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi tangu siku ile. Alikuwa ananihurumia, sina shaka. Lakini alikuwa ananifundisha kusema uongo juu ya damu ya mwanangu, nikiwa nimemwacha nje ya mlango amekaa kwenye benchi. Na uongo wenyewe usingetufikisha mbali, kwa sababu siku ya kwanza atakapolazwa faili litasema tangu alipokuwa na miezi 9, na mkataba ungekufa pale pale huku mchango nimeshalipa. Nikamwambia aandike. Akaandika.

Majibu yalirudi baada ya wiki 2. Walikuwa tayari kumpokea kwa sharti kwamba bima haitahusika na selimundu “na matatizo yote yatokanayo nayo”. Mchango ulikuwa uleule wa mtoto mwingine yeyote.

Naomba msomaji ambaye hajalea mtoto mwenye selimundu anisikilize hapa. Mwanangu akipata homa, ni jambo la selimundu, kwa sababu bandama lake halimkingi na wadudu kama la mtoto mwingine. Akipata nimonia, ni hivyohivyo. Upungufu wa damu, macho ya njano, maumivu ya miguu, hata kiharusi, ambacho mtoto mwenye selimundu anaweza kukipata akiwa bado darasa la kwanza, vyote vinaingia kwenye maneno yale matano. Nilijaribu kufikiria ni kitu gani kingebaki ndani ya bima ile. Labda angevunjika mkono akicheza mpira. Lakini hata mfupa wake, daktari angeanza kwa kuuliza kama umeathirika na selimundu. Nilikuwa naombwa nilipie mwavuli usiofunguka siku ya mvua.

Mwezi huohuo wa Novemba 2023, Bunge letu lilikuwa Dodoma linapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Nilisikiliza redioni nikiwa kwenye cherehani. Muswada wake ulikuwa umefika bungeni mwaka uliotangulia ukarudishwa kwa sababu ya chanzo cha fedha, safari hii ukapita. Sheria inamtaka kila mkazi awe na bima, na inaweka mfuko wa kuwachangia wasio na uwezo. Nilifurahi, nikazima redio, nikaanza kulia, vyote kwa pamoja.

Sasa nirudi kwenye Mfuko. Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana mtaani kwetu. Tuko kaya 64. Kila kaya inatoa shilingi 3,000 kwa mwezi, na mwanachama akifiwa anapewa shilingi 400,000, maturubai, viti na masufuria. Mwaka 2018 tulifika mahali pabaya. Watu walikuwa wanajiunga wanapoona mzee wao amezidiwa. Mama mmoja alilipa mchango wa mwezi mmoja, wiki 3 baadaye tukamzika baba yake. Ilikuwa haki yake kwa katiba yetu ya wakati huo. Yakatokea mengine 2 ya namna hiyo ndani ya miezi michache, na daftari langu likabaki na shilingi 61,000. Kwa hiyo anayeniambia kwamba mfuko unaoingiza wagonjwa peke yao utakufa, hanifundishi kitu. Niliuona ukikata roho mikononi mwangu.

Kwenye mkutano wa kikundi ikatolewa hoja kwamba tusimwandikishe mtu mwenye mgonjwa nyumbani. Wengi waliinua mikono. Ndipo bibi mmoja, mkongwe kuliko sote, akauliza: “Katika hizi nyumba zetu, nionyesheni isiyo na mzee wala mgonjwa.” Mikono ikaanza kushuka mmoja mmoja.

Tulichokifanya ni vitu viwili. Kwanza, anayejiunga anasubiri miezi 3 ndipo aanze kufaidika, kila mtu, bila kuulizwa nyumbani kwake kuna nani. Pili, na hiki ndicho kilichotuponya, tuligawana mtaa nyumba kwa nyumba tukawafuata wale vijana wenye nguvu, wa bodaboda, wa vibanda vya simu, wapangaji wa chumba kimoja, waliokuwa wakisema hawana mtu wa kufiwa naye huku mjini. Mwenyekiti wa mtaa alitusaidia. Kaya zilikuwa 38 wakati ule. Leo tuko 64 na daftari linapumua.

Kwa hiyo ninapoisikia hoja ya hasara naielewa, ila dawa iliyochaguliwa siikubali. Tatizo la mfuko ule halikuwa mwanangu kuwamo. Tatizo ni wale watoto wengine wa darasani kwake kutokuwamo. Kumtoa yeye hakuwaingizi wao.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya nchi tajiri. Basi watazame Marekani, ambako watu wapatao 100,000 wana selimundu, wengi wao wenye asili ya Afrika, damu iliyovushwa bahari kutoka bara letu. Huko, kabla ya 2014, katika majimbo mengi mtu aliyejinunulia bima mwenyewe aliweza kukataliwa na kampuni au kutozwa zaidi kwa sababu ya kisukari, pumu, au saratani aliyokwisha kupona. Mwenye mimba aliweza kukataliwa vilevile. Utajiri haukuwazuia kufanya hivyo. Kilichowazuia ni sheria, ile aliyoitia saini Rais Obama mwezi Machi 2010. Watoto ndio waliotangulizwa, Septemba mwaka huohuo, na watu wazima wakafuata tarehe 1 Januari 2014. Wale walioitunga walijua lile tulilolijua sisi Kihonda, kwamba ukikataza kuwafukuza wagonjwa ni lazima uwalete na wazima, kwa hiyo sheria ilimtaka kila mtu awe na bima na serikali ikawachangia wenye kipato kidogo. Adhabu ya kutokuwa na bima ilikuja kushushwa hadi sifuri kuanzia 2019. Katazo la kumkataa mgonjwa halikuguswa.

Sisi tayari tunayo sheria inayosema kila mkazi. Ninachoomba ni kwamba katika kanuni zake, na katika mikataba ya kila mfuko na kila kampuni, iandikwe kwa Kiswahili ambacho mama wa darasa la saba anaweza kukisoma na kukionyesha dirishani: hakuna atakayekataliwa wala kutozwa zaidi kwa sababu ya ugonjwa alionao, na hakuna bima itakayouza kadi huku imeutoa nje ugonjwa uleule unaomfanya mtu atafute kadi. Fomu iulize kuhusu ugonjwa ili mtoto apangiwe kliniki, isiulize ili afungiwe mlango. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ina uwezo wa kuzikagua fomu hizo. Nitaipeleka yangu mwenyewe wakiihitaji, bado ninayo.

Kipindi cha kusubiri sikipingi, nimesema kikundi chetu kinacho. Mtu mzima mwenye afya aliyekaa miaka bila bima kwa hiari yake, akisubiri miezi kadhaa hajaonewa. Lakini mtoto mchanga hajachelewa popote. Aandikishwe anapopatiwa tangazo lake la kuzaliwa, kabla kidole hakijavimba. Na yule aliyekuwa mwanachama miaka yote kisha akapoteza kazi asianzishwe moja. Nina mteja wangu, mzee wa kisukari na presha, alikatwa mchango kwenye mshahara kwa miaka 19 katika kiwanda. Kiwanda kilipopunguza watu, kadi ilikoma, na alipokwenda kujinunulia bima aliambiwa kisukari chake kilikuwepo kabla, kwa hiyo asubiri mwaka mzima. Kabla ya nini? Kabla ya siku ile aliyoingia ofisini kwao. Ile miaka 19 haikuhesabiwa mahali popote. Siku hizi anapunguza vidonge, anakunywa siku moja anaruka siku moja, na miguu yake imeanza kufa ganzi. Nimempanulia suruali mara 2 kwa sababu ya uvimbe.

Mhariri, usajili wa watoto ulipofunguliwa tena nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Mwanangu ana kadi leo, na nimelipa. Kabla ya hapo ilipita zaidi ya miezi 12 akiwa hana kitu. Katika miezi hiyo tuliuza cherehani yangu ya pili, ile ya kudarizi, na alikosa haidroksiyurea kwa wiki 7 mfululizo. Katika wiki hizo alilazwa mara 2. Mara ya pili alikuwa analia kwa maumivu ya mgongo mpaka wagonjwa wengine wodini wakawa wananyamaza kumsikiliza. Aliponyamaza aliniuliza kama ni kweli bima walimkataa kwa sababu ya damu yake. Sijui nani alimwambia. Nilimwambia walimkataa kwa sababu mama alichelewa kulipa. Kwenye fomu sikudanganya, nikaja kudanganya wodini.

Kilichofungwa kwa tangazo kikafunguliwa kwa tangazo kinaweza kufungwa tena. Ndiyo maana sitosheki na kadi iliyomo kwenye mkoba wangu, nataka maneno yawe kwenye sheria. Kliniki wameniambia kwamba tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma imeanza kuwapandikizia uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, watoto wenye selimundu, na kwamba mara nyingi anayechangia ni ndugu wa baba na mama mmoja. Kaka yake, mwenye miaka 13, amekwisha kusema apimwe yeye. Tunasubiri kupangiwa tarehe.

Kama upandikizaji hautawezekana, mwanangu atatimiza miaka 18 mwaka 2033. Kadi ya watoto itafika kikomo, naye atakaa mbele ya wakala mwingine, akiwa na kalamu yake mwenyewe, na fomu itakuwa na ukurasa wa pili. Wabunge na wataalamu wanaoandika kanuni wana miaka ya kutosha ya kulibadilisha swali lile kabla hajalifikia. Nimemfundisha aandike ukweli.

Mama wa watoto watatu,
Kihonda, Morogoro.

(Jina langu kamili na namba ya simu unavyo, Mhariri. Naomba jina lisichapishwe, kwa ajili ya mtoto.)